Kupinga adhabu ya kushusha abiria uwanja wa ndege

Ukipewa adhabu na kampuni ya maegesho nchini Uingereza kwa kushusha abiria uwanja wa ndege, inapingika hata kama ulibishana na mhudumu pale pa kushushia abiria, kwa sababu kinachoangaliwa ni mabango, muda wa gari kusimama na ada, si maneno mliyorushiana. Barua ya kampuni binafsi ya maegesho si faini ya serikali bali ni dai la mkataba. Iandikie kampuni ndani ya siku 28, na ikikataa, peleka rufaa POPLA au IAS, vyombo vya kusikiliza rufaa za maegesho, kutegemea chama cha kampuni za maegesho ambacho kampuni hiyo imejiunga nacho, bila malipo.

Wengi hulipa kwa hofu, na inauma, bila kujua kwamba Sheria ya Ulinzi wa Uhuru ya 2012, ambayo kwa England na Wales huruhusu deni la dereva kuhamishiwa kwa mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake, haihusu ardhi yenye sheria ndogo za uwanja wa ndege. Kwa hiyo jibu kama mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake, bila kumtaja dereva. Iwapo barua imetoka polisi au halmashauri, utaratibu ni mwingine kabisa.