Kabla hujanunua busta la antena ya runinga, panda kwanza juu ya bati

Nakaa Mabatini, nyumba iliyoegemea mlima wa mawe, na kompyuta yetu ya mezani ndiyo runinga ya nyumba. Ina kadi ya tuna ndani, yaani kadi ya kupokea matangazo ya runinga, waya wa antena unaingia nyuma, basi. Kwa miezi mingi picha ilikuwa inaganda na kukatika vipandevipande, mara nyingi taarifa ya habari ikianza, huku jirani wa ng'ambo ya barabara akiona kila kitu safi. Kwa hapa Mwanza hilo halishangazi: miamba inayolipatia jiji letu jina la utani la Rock City ndiyo hiyo hiyo inayokinga mawimbi.

Kwanza hakikisha kadi yenyewe inafaa. Mitambo ya analojia ilizimwa hapa mwaka 2013, na matangazo ya antena ya kawaida sasa yanarushwa kwa DVB-T2, mfumo wa dijitali uliokuja baada ya DVB-T. Kadi iliyoandikwa DVB-T peke yake haitaona chaneli hata moja. Niliuziwa moja ya namna hiyo nikaambiwa ni ile ile. Si ile ile. Na chaneli zilizofungwa kwa malipo hazifunguki kwa antena nzuri, hilo ni suala la king'amuzi.

Sasa fungua programu yako ya kuangalia runinga, utafute vipimo viwili: nguvu na ubora. Watu wengi hutazama nguvu tu. Zamani mawimbi yakiwa hafifu uliona chenga lakini mpira uliufuatilia hivyo hivyo. Dijitali haina huruma hiyo: ubora ukishuka chini ya kiwango fulani, picha inakatika moja kwa moja. Mimi nilikuwa na nguvu asilimia 80 na ubora 35. Nikanunua busta, kifaa cha kukuza mawimbi. Nguvu ikafika 95, ubora ukashuka hadi 20, kwa sababu busta hukuza kila kinacholifikia, makelele pia, na kadi ikizidiwa nguvu inavuruga hata kilichokuwa kizuri.

Kilichonisaidia ni kupanda juu. Antena ilikuwa dirishani, bati likiikinga na jabali likiwa mbele yake. Niliifunga kwenye bomba juu ya paa, nikatazama antena za majirani zimeelekea wapi na vijiti vyake vimelala au vimesimama, nikafuata. Mpwa wangu alikaa kwenye kompyuta akinisomea namba.

"Mjomba, imepanda! Hapana, imeshuka, rudisha kidogo!"

Geuza polepole, halafu subiri sekunde kadhaa, maana kipimo huchelewa kusoma. Na usigeuze tu, hamisha pia. Hatua tatu kuelekea kona ya paa zilinisaidia kuliko nusu saa nzima ya kuzungusha, kwa kuwa pale jabali halikuwa tena njiani. Ubora ukafika 60.

Waya ndio uliofuata. Nilipoufungua nilikuta shaba imegeuka kijani, maji yameingia kwenye maungio. Unyevu wa ziwa hauna mchezo. Nunua waya wa antena aina ya RG-6 wa ohm 75, kipande kimoja kisicho na kiungo katikati, na kwenye konekta, kile kichwa cha kuchomekea, hakikisha hakuna uzi hata mmoja wa wavu wa nje unaogusa shaba ya katikati. Kabla waya haujaingia ndani, uache uning'inie kidogo ili maji ya mvua yadondokee nje. Kigawanyio cha runinga mbili nilikitoa kabisa, kinakula kama nusu ya nguvu. Busta lina maana pale waya ni mrefu sana, na mahali pake ni juu karibu na antena, kabla mawimbi hayajapotea njiani.

Lakini kila saa moja jioni ubora ulirudi chini. Ilinichukua wiki mbili kugundua kwamba ni taa ya LED ya bei rahisi iliyokuwa juu ya meza. Nikiizima, namba zinapanda. Chaja za simu hufanya hivyo pia. Mwenye tuna ya USB aitoe nyuma ya kompyuta kwa waya wa kurefusha, aiweke mbali na kasha.

Radi za ziwani hupiga sana usiku na alfajiri. Kabla wingu halijaanza kunguruma, chomoa waya wa antena kwenye kadi, usiishie kuzima kompyuta tu. Mimi nauchomoa kila ninapokwenda kulala.