Kitabu cha leba kwanza, grafu baadaye: kwa anayeanza kazi ya takwimu za uzazi

Wadogo zangu mnaoripoti kazini kwenye halmashauri, mikoa na miradi ya afya ya mama na mtoto, mtapewa namba za kusimamia kabla hamjapewa hata kiti cha kukalia. Siku ya kwanza utaletewa nenosiri la DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, utafungua, utakuta grafu zimeshachorwa na rangi zimeshapangwa. Usianzie hapo. Omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, nenda wodi ya wazazi, msalimie sista aliye zamu, kisha kaa pembeni umwone anavyojaza kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), ndicho kitabu cha leba. Mara nyingi anakijaza usiku, baada ya kuzalisha, na huku kuna mama mwingine anamwita. Kila mstari unaousoma kwenye kompyuta ulipitia mkononi mwake. Ukishaona hilo, hutaitazama tena namba ya vifo au ya uzazi kama kitu kilichoshuka chenyewe kutoka juu.

Ninalotaka mlishike ni moja: kabla hujaisema namba, jua imehesabiwa kwa watu gani. Wengi tunakagua namba ya juu, yaani wangapi wamezaliwa na wangapi wamekufa. Makosa makubwa hukaa kwenye namba ya chini, wale tunaowagawia.

Tuanze na uzazi. Utafiti wa afya na idadi ya watu Tanzania wa 1991–92 ulikuta wastani wa watoto 6.2 kwa mwanamke mmoja. Ule wa 2004–05 ulikuta 5.7, wa 2015–16 ukakuta 5.2, na wa 2022 ukakuta 4.8. Kiongozi atasikia hivyo aseme, "Basi Watanzania wanazaa kidogo siku hizi, tupunguze vitanda." Hapo lazima umweleweshe. Wastani huo ni watoto ambao mwanamke angefikisha mwisho wa umri wa kuzaa kama angezaa kwa kasi ya wanawake wa sasa wa kila rika. Hauhesabu watoto wanaozaliwa mwaka huu nchini. Fikiria kijiji cha wanawake 200 wa umri wa kuzaa, kila mmoja akipata watoto 6: ni watoto 1,200. Mabinti wao wakifika 400 na kila mmoja akapata 5, watakuwa 2,000. Wastani umeshuka, na leba imejaa zaidi ya zamani.

Ndicho kinachotokea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Ongezeko la watu kwa mwaka lilikuwa asilimia 2.7 kati ya sensa ya 2002 na ya 2012, kisha likapanda hadi asilimia 3.2. Watoto kwa mwanamke wanapungua, kasi ya kuongezeka inapanda, na hakuna mgongano wowote, kwa sababu watoto wanaishi. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Mabinti waliookolewa na chanjo, vyandarua na dawa ya mseto ya malaria ndio wanaopanga foleni kliniki leo wakiwa na mimba zao. Kwangu hii ni furaha kubwa, nami ninasikitika nikisikia ongezeko la watu likizungumzwa kana kwamba ni janga tupu, bila kutaja kwamba sehemu yake ni watoto ambao zamani tungewazika.

Jihadharini pia na kukimbilia sababu. Matumizi ya uzazi wa mpango wa kisasa kwa wanawake walio katika ndoa yalikuwa asilimia 32 mwaka 2015–16, na 31 mwaka 2022. Yamesimama palepale, huku wastani wa uzazi umeshuka kutoka 5.2 hadi 4.8. Ukiandika kwenye ripoti kwamba uzazi umeshuka kwa sababu sindano na vipandikizi vimeongezeka, umeandika kitu ambacho namba hizo hazikisemi. Angalia umri wa kuolewa, angalia miaka ya shule, angalia mji na kijiji: mwaka 2022 mwanamke wa mjini alikuwa na wastani wa 3.6, wa kijijini 5.5. Mtu anayepanga zahanati za kijijini kwa kutumia 4.8 ya taifa anapangia mwanamke ambaye hayupo mjini wala kijijini.

Sasa vifo vya wajawazito, mahali ambapo wageni wa kazi hii huteleza zaidi. Utafiti wa 2015–16 ulitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ulitoa 104. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, katika makadirio yao yaliyotolewa 2023, yaliiweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020. Utakutana na mtu anayeshikilia mojawapo na kuziita nyingine uongo. Kazi yako ni kueleza zimepatikanaje.

Tafiti hizi za kaya huwauliza watu kuhusu dada zao waliozaliwa nao tumbo moja: nani yu hai, nani alifariki, alifariki akiwa mjamzito, akijifungua au baada ya kujifungua. Kwa hiyo jibu ni la miaka kadhaa iliyopita kwa pamoja, si la mwaka ulioandikwa kwenye jalada. Pili, 556 ilijumuisha kifo chochote cha wakati wa ujauzito, uzazi au miezi miwili baadaye, hata kama mama aligongwa na gari. Ile 104 imeondoa ajali na vurugu, na kikomo chake ni siku 42. Tatu, kifo cha mama ni tukio la nadra ukilinganisha na kaya zinazotembelewa, kwa hiyo makadirio hubeba upana mkubwa. Ile 556 ingeweza kuwa popote kati ya 446 na 666. Umoja wa Mataifa nao hutumia hesabu ya kulinganisha nchi na nchi, ikichanganya vyanzo vingi na kurekebisha vifo vinavyokosewa kuandikwa. Hata ukiweka tahadhari zote hizo, nina hakika vifo vimepungua sana. Waliojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81 kati ya tafiti hizo mbili, na mfumo wa m-mama, unaopigiwa 115 bila malipo, unamtafutia gari mama aliyepata dharura. Nisichokubali ni kutoa 104 kwenye 556 na kutangaza matokeo kama hesabu ya darasa la nne.

Wilayani tatizo hili ni kali zaidi. Halmashauri yenye vizazi hai 5,000 kwa mwaka, kwa kiwango cha 100, inatarajia vifo vitano. Mwaka huu vinne, mwakani saba: usimwite mkurugenzi kumwambia vifo vimepanda kwa asilimia 75. Huo ni mchezo wa namba ndogo. Taja idadi yenyewe, chukua miaka mitatu au minne pamoja, na usome kila kifo kwa undani wake.

Kwa watoto wachanga nawaomba mkae muda mrefu zaidi, maana hapo ndipo kazi imekwama. Vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa 40 kwa vizazi hai 1,000 mwaka 1999, vikashuka hadi 25 mwaka 2015–16, na 2022 vikawa 24. Yaani katika miaka ambayo akina mama wengi zaidi walikuja kujifungulia kituoni, kichanga hakupata nafuu ya maana. Kufika kituoni peke yake hakumpi mtoto pumzi. Wengi wanaondoka kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, au maambukizi. Kukosa hewa kunahitaji mikono iliyozoea: kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, na akikataa kupumua, kumpa hewa kwa ambu bagi, mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, ndani ya dakika ya kwanza. Utafiti uliofanywa katika hospitali nane za Tanzania na kuchapishwa 2013 ulionyesha kwamba baada ya wakunga kufundishwa hivyo, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Kwa hiyo ukitembelea kituo, usiulize tu kama ambu bagi ipo. Iombe uione. Kama imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ameenda semina, kwenye ripoti andika haipo.

Kuna jambo jingine la vichanga ambalo kompyuta haitakuambia. Mtoto aliyezaliwa akihema kidogo kisha akafariki huandikwa wakati mwingine FSB, yaani aliyezaliwa mfu muda mfupi baada ya kufa, kana kwamba hakuwahi kuzaliwa hai. Pengine sista anaogopa maswali, pengine hakupata nafasi ya kusikiliza moyo. Mtoto huyo anatoka kwenye vifo vya vichanga na pia kwenye vizazi hai, namba ya juu na ya chini kwa mpigo. Ukiona kituo chenye FSB nyingi na vifo vya vichanga sifuri mwezi baada ya mwezi, nenda. Nenda kwa upole lakini nenda, na ujumlishe yote mawili unapolinganisha vituo.

Kuhusu asilimia 112 ya "mahudhurio" ya kliniki ya wajawazito mtakayoikuta: namba ya chini ni makadirio ya sensa, na wajawazito huvuka mipaka ya wilaya. Usiikate iwe 100 ili ipendeze. Iache, na ueleze. Kwa mantiki hiyohiyo hospitali ya rufaa itaonekana mbaya kuliko zahanati zote, kwa sababu inapokea mama anayevuja damu tangu saa nne zilizopita na mwenye kifafa cha mimba aliyepakiwa kwenye bodaboda. Msiipange hospitali hiyo mkiani kwenye jedwali. Fuateni kila mama hadi alikotokea: nyumbani waliamua saa ngapi kuondoka, usafiri ulichukua muda gani, na alipofika alisubiri kiasi gani. Na wale ambao hawakufika kabisa waulizeni kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa sababu aliyefia nyumbani hana mstari kwenye kitabu chochote cha kituo.

Mtaalikwa kwenye vikao vya mapitio ya vifo. Mkiingia, majina ya mama na ya mtumishi yabaki nje ya karatasi zenu. Akitafutwa wa kulaumiwa, kifo kinachofuata kitafichwa, nanyi mtakuwa mmeharibu takwimu kwa mikono yenu. Na kabla ya kufungua faili jipya, someni maazimio ya kikao kilichopita moja baada ya jingine: damu iliyoahidiwa imefika benki ya damu? Friji ya oksitosini, dawa ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, imetengenezwa? Nani alipewa kazi hiyo, na tarehe ipi? Lisilotekelezwa lirudishwe mezani siku hiyohiyo, likiwa na jina la cheo kinachohusika na tarehe mpya.