Mbegu ya Boga Inayotembea Ukutani

Swali: Asalaam aleikum mwalimu. Nakaa Kibokoni, Mombasa, nyumba ya mawe ya zamani. Ukuta wa chooni una vijidude bapa kama mbegu ya boga iliyoingia vumbi, navyo vinatembea! Jioni huja nondo wadogo wa kijivu. Ni mdudu mmoja? Na joho la marehemu baba liko salama?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Ni mmoja. Cha ukutani ni kiwavi ndani ya kifuko chake. Huyo nondo ndiye yeye akishakomaa. Ni wa jenasi ya Phereoeca.

Weka kifuko kimoja juu ya karatasi nyeupe, utulie. Kitachomoza kichwa cha kahawia na miguu sita, aanze kukokota mzigo wake. Mguse: atarudi ndani, kisha atokee ncha ya pili, maana kuna mlango huku na huku naye hujigeuza humo humo. Kifuko, milimita 8 hadi 14, ni hariri yake mwenyewe iliyobandikwa mchanga, vumbi na nyuzi. Niliwahi kumwekea mmoja nyuzi nyekundu za sufu. Baada ya siku chache kifuko kikaota mkanda mwekundu.

Nondo wake si wa kutazamwa mara mbili. Jike akitandaza mabawa hufika milimita 10 hadi 13, dume ni mdogo zaidi. Bawa la mbele ni kijivu lenye madoa machache meusi, la nyuma lina shungi refu ukingoni, na nywele za kichwani zimetimka kama za mtu aliyeamshwa kwa kelele. Jina la spishi silitoi kwa picha ya simu: hawa hufanana mno, hata wataalamu huwapasua tumbo na kutazama viungo vya uzazi kwa hadubini. Mmoja wao, Phereoeca allutella, alipewa jina mwaka 1892 kutoka Visiwa vya Kanari, na yuko pia Shelisheli. Wanapenda unyevu, na kisiwani kwetu haukosekani.

Sasa joho. Anakula utando mkuukuu wa buibui, nywele na sufu. Kanzu ya pamba hana haja nayo. Kama joho ni la sufu, lipige brashi, lianike, kisha ulifunge ndani ya mfuko usioingiza hewa. Udi fukiza kwa harufu tu.

Dawa ya kupuliza usinunue. Toa utando pembeni mwa dari, acha dirisha la choo wazi, na vile vifuko vilivyoganda juu ukutani bila kutembea vibandue kwanza: humo ndimo kiwavi anamogeuka nondo.