Unaenda kusoma Ufaransa? Anza na salamu, grama itakukuta njiani

Mkuu nimeusoma uzi wako, kwamba umepata masters Lyon unaanza Septemba, Kifaransa chako bado kichanga na unauliza ukomae na grama au ukimbilie kuongea, na pia Wafaransa ni watu wa aina gani. Mimi naishi hukuhuku Lyon, ngoja nikupe ninachokijua.

Kabla ya grama shika bonjour, ndo salamu yao ya mchana. Ukiingia boulangerie (duka la mikate) kununua mkate, hata kama foleni imefika mlangoni, zamu yako ikifika huanzi na unachotaka. Unasema Bonjour madame, unamwacha akujibu, ndo unaagiza: une tradition, s'il vous plaît. (Tradition ni ile baguette, mkate mrefu mwembamba, inayolindwa na amri ya serikali ya 1993, unga wake hauwekewi viongezi na haigandishwi, inazidi bei kidogo ila chukua hiyohiyo.) Ukishalipa, merci, bonne journée, au revoir (asante, siku njema, kwaheri), ndo unatoka. Dereva wa basi hivohivo, kwenye lifti hivohivo, na ukiingia chumba cha kusubiria kwa daktari unawasalimia wote waliokaa hata kama humjui mtu. Watu wengi wanalalamika Wafaransa wanajibu kwa mkato, kumbe kwa yule muuzaji wewe ndo umeingia kwake bila hodi. Sisi tuliolelewa na salamu hili halitakiwi kutushinda kabisa, tatizo mtu akipanda ndege anadhani salamu anaziacha Kariakoo. Ila angalia kitu kimoja, mkikutana tena siku hiyohiyo usirudie bonjour, ataona umesahau kwamba mlishasalimiana, sema rebonjour au tabasamu tu inatosha.

Tu na vous zisikuumize kichwa, zote ni "wewe", tu ni ya waliozoeana, vous ni ya heshima. Wanafunzi wenzio ni tu toka siku ya kwanza, profesa, ofisini, dukani na mtu mzima yeyote usiyemjua ni vous mpaka yeye mwenyewe akwambie on peut se tutoyer, yani tunaweza kuitana tu. Anayejua nani wa kumwamkia shikamoo ameshaelewa nusu ya kazi.

Sasa masikio. Hapa ndo wengi wanakwama mana darasani unafundishwa je ne sais pas (sijui), mtaani unasikia chais pas, il n'y a pas (hakuna) inakuwa y a pas, nous allons (tunaenda) ni nadra kuisikia wanasema on va, na ile ne ya kukanusha karibu imekufa kwenye mazungumzo na ukiisubiri ili ujue mtu amekataa utasubiri sana. Dawa yake ni kusikiliza kila siku. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana kipindi kinaitwa Journal en français facile, dakika kumi tu, na maandishi yake yapo mtandaoni. Sikiliza mara ya kwanza bila kusoma, mara ya pili soma huku unasikiliza, mara ya tatu mfuatishe mtangazaji kwa sauti. Na kwa vile RFI wanatangaza na Kiswahili pia, anza na habari za Kiswahili, ukienda za Kifaransa unakuwa unajua tayari wanaongelea nini. Darasa la ana kwa ana, vituo vya Kifaransa vya Alliance Française vipo Dar, Arusha, Nairobi na Mombasa. Kama masomo yako ni kwa Kifaransa vyuo vingi vinataka B2 (kiwango cha juu ya kati cha lugha) kwahiyo usilale.

Namba nazo zinahitaji mazoezi ya peke yake. 70 ni sitini na kumi, 80 ni ishirini mara nne, 90 ni ishirini mara nne na kumi, halafu namba za simu wanazitaja mbilimbili kwa kasi, mtu anasema quatre-vingt-dix-sept wewe umeshaandika 4, unafuta unaandika 80, unafuta tena, kumbe ni 97 na yeye yuko namba mbili mbele. Tafuta rafiki akusomee namba za simu uziandike kila jioni. Ukikutana na ndugu zetu wa Kongo utawasikia wakisema septante (70) na nonante (90), hiyo ilitoka kwa Wabelgiji, huku wanaielewa ila wenyewe hawaitumii.

Mezani: mchana migahawa mingi inapika saa sita mpaka saa nane, ukifika saa tisa jiko limefungwa. Omba une carafe d'eau, ni maji ya bure, na mkate ni bure, na huduma imeshaingia kwenye bei. Kama huli nguruwe au hunywi pombe sema mapema pale unapoalikwa, usingoje sahani ifike, mana Lyon ni mji wa nguruwe haswa, andouillette yao ni soseji ya utumbo. Ukialikwa nyumbani usiwahi, chelewa dakika kumi hivi, beba maua au chokoleti, ila maua yasiwe krisanthemu, hayo wanapeleka makaburini tarehe 1 Novemba.

Chuoni alama ni juu ya 20, ukipata 14 furahi, 16 ni ya juu sana.

Na ukishatua, viza ya muda mrefu ya mwanafunzi unatakiwa uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu, usiache mpaka wiki ya mwisho. Mambo ya chumba na ile ruzuku ya kodi ya nyumba ya CAF (shirika la Ufaransa la ruzuku za familia) niulize hapohapo chini nikujibu, ni habari ndefu.