Chupa ya maji na daftari: kwa mnaoanza kazi ya tibamionzi

Wadogo zangu mnaoripoti kazini Nakuru, Eldoret au Kisumu na vyeti vipya vya tibamionzi, yaani kutibu saratani kwa mionzi, swali mnaloniuliza sana ni hili: nitakuwa wa kulaza wagonjwa na kubonyeza mashine hadi nistaafu? Hapana. Ila njia ya kupanda haipo pale wengi wenu mnapoitafuta.

Huko Ontario, Kanada, walianza mwaka 2004 kuwajaribu wataalamu wa mionzi katika majukumu yaliyozoeleka kuwa ya daktari, kama kumpima mgonjwa anayeumwa mifupa, kuchora eneo la kutibiwa na kumfuatilia akimaliza. Uingereza wana ngazi kadhaa, na ya juu kabisa ni ya mtaalamu mshauri. Kazi ya ngazi hizo za juu ina nguzo nne: kumhudumia mgonjwa, kuongoza, kufundisha na kutafiti. Ukisoma hayo unaweza kudhani ni mambo ya hospitali zenye mashine kumi. Mimi niliyaona yakianza na chupa ya maji.

Mama mmoja alikuwa anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi, vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa. Tulimwambia aje kibofu kikiwa kimejaa, kwa sababu kibofu kilichojaa husukuma utumbo mbali na mionzi na kuuweka mji wa mimba pale ulipokuwa siku ya picha za mpango, zile zinazopigwa kabla ya matibabu kuanza. Kila asubuhi picha ya mashine ilionyesha kibofu kimenywea. Tunamteremsha, tunampa maji, tunamrudisha kwenye foleni. Mmoja wetu akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati maagizo. Siku ya nne nikaketi naye kwenye benchi nimuulize. Akajibu kwa sauti ya chini: "Daktari, mimi natoka Olenguruone saa kumi alfajiri. Nikinywa maji huko, dereva wa matatu atanisimamishia wapi?"

Maagizo yetu yalimfaa mtu anayelala mtaa wa pili. Nikaandika utaratibu mwingine: anayetoka mbali aende haja akifika, anywe maji kiasi kilekile alichokunywa siku ya picha za mpango, asubiri muda uleule, na jina lake lishushwe kwenye orodha ya asubuhi. Nikaupeleka kwa daktari na kwa mwanafizikia pamoja na picha zake, nimezipanga kwa tarehe. Wakaukubali. Tangu hapo, kibofu cha mgonjwa yeyote wa nyonga kikileta shida, naitwa mimi. Mshahara haukubadilika hata senti, lakini eneo langu nilikuwa nimelipata.

Kwa hiyo chagua eneo moja, tena finyu. Titi, kichwa na shingo, maumivu ya mifupa, au mionzi ya ndani, ile ambayo chanzo chake huwekwa ndani ya mwili. Lisome hadi daktari mwenyewe akutafute. Anayetaka kujua yote kwa pamoja huwa hasogei.

Kuna kosa ninalolibeba. Mwaka wangu wa kwanza, katika kituo nisichokitaja, nilikuwa namfunga barakoa mzee mmoja mwenye saratani ya koo. Mnajua barakoa ile: plastiki inalainishwa kwenye maji moto, inatandazwa usoni, ikipoa inashika umbo la mtu ili asitikisike. Wiki ya tatu kidole changu kikapita kati ya plastiki na shavu lake. Mzee alikuwa hamezi chakula, amekonda. Nilijua kwamba uso uliokonda unacheza ndani ya barakoa na dozi inaweza kuhama kutoka pale ilipopangwa. Nikanyamaza siku tatu. Nilijiona mgeni, na wakubwa wangu hawakuwa wamesema lolote. Aliyeligundua ni mwenzangu, na mpango ukatengenezwa upya. Kidole chako kikipita, sema siku hiyohiyo, hata kama foleni imefika mlangoni. Na mpime uzito kila wiki, usingoje nesi akukumbushe.

Sasa kuhusu mipaka, maana hapa ndipo vijana hodari hujikwaa. Kwa maumivu ya saratani iliyoingia mfupani, kipindi kimoja cha Gray 8 (Gray ni kipimo cha dozi ya mionzi) hutuliza sawa na Gray 20 katika vipindi vitano, ingawa wanaotibiwa mara moja hurudi kutibiwa tena mara nyingi zaidi kuliko wale wengine. Kwa mgonjwa anayekodi gari kutoka Baringo, tofauti ya siku moja na siku tano ni kubwa mno. Unaweza kuliona hilo kabla ya mtu mwingine, na ni haki yako kulisema. Kuandika dozi bado ni kazi ya daktari. Mkikubaliana akuachie hatua fulani, iwe kwa maandishi: ni wagonjwa gani, utafanya nini, utamwita lini, na nani anakagua kazi yako. Ruhusa ya mdomo kwenye korido haitakulinda, na mgonjwa haitamlinda kabisa.

Daftari nalo. Andika kila aliyekosa siku na sababu yake: nauli, bima, mvua, mashine kuharibika. Saratani ya mlango wa kizazi inatakiwa imalizwe ndani ya siku 56, mionzi ya nje na ya ndani pamoja, kwa hiyo siku tatu zilizopotea si jambo la kusubiri Jumatatu. Mpigie simu mchana uleule. Makosa, na yale yaliyokaribia kutokea yakazuiwa, yaandikwe pia. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lina mfumo wa kuyakusanya uitwao SAFRON, na ripoti za vituo vingine zinasomeka humo. Nguzo ya utafiti mnayoiogopa inaanzia kwenye daftari hilo.

Yule mama alimaliza vipindi vyote 25. Wiki ya mwisho alikuwa anawaonyesha wenzake waliotoka Molo na Mau Narok mstari aliouchora kwa kalamu kwenye chupa yake, maji yaishie hapo.