Moyo ukishindwa kuamini: mambo ya kupima kabla ya kuuogopa moto

Mtu aliyelelewa msikitini au kanisani akijikuta haamini tena, kinachomjia kwanza ni hofu, hoja huja baadaye. Ule moto aliosimuliwa akiwa na miaka sita, madrasa au shule ya Jumapili, haukuondoka pamoja na imani. Umebaki, na safari hii unamhusu yeye. Makala hii ni yake, na ni ya mama, mume au ndugu anayeishi naye nyumba moja.

Anza kwa kulipasua swali. Ukimuuliza kiongozi wa dini, "Je, asiyeamini ataadhibiwa?" utajibiwa haraka, na mara nyingi jibu litakuwa la swali la mwingine. Ndani yake mna maswali matatu. Je, yupo kweli mtu asiyeamini pasipo kosa lake? Kama yupo, ana udhuru mbele ya Mungu? Na udhuru huo unaishia wapi?

Mhubiri anayesimama kwenye Warumi 1:20, kwamba mambo ya Mungu yanaonekana katika uumbaji hata watu wasiwe na udhuru, analijibu swali la kwanza tu. Kwake mtu wa namna hiyo hayupo. Kila mtu anajua moyoni, ila anaizuia kweli. Usibishane naye. Mwombe mgeuze ukurasa pamoja. Warumi 2:14–15, Paulo huyohuyo anawazungumzia watu wa mataifa wasio na sheria, ambao dhamiri yao inawashuhudia, mawazo yao yakiwashitaki au kuwatetea. Kuwatetea. Somo likikomea sura ya kwanza, umepewa nusu.

Kwa upande wa Uislamu, mlango wa kuingilia ni Sura al-Israa aya ya 15: Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka apeleke Mtume. Kwenye aya hiyo Maashari, ambao itikadi yao ndiyo iliyozoeleka pamoja na madhehebu ya Shafi kwenye pwani yetu, walijenga msimamo kwamba kabla ya ujumbe kufika hakuna wajibu wala adhabu. Muutazila, kundi jingine la wanazuoni wa Kiislamu, walisema akili peke yake inatosha kumwajibisha mtu amjue Mola wake. Lakini wewe mwenye Kurani kabatini, ujumbe umekufikia au haujakufikia?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilifikiria jambo hili kwa undani katika kitabu chake Faysal al-Tafriqa. Akiwatazama Warumi (watu wa Bizanti) na Waturuki wa zama zake walio mbali na nchi za Kiislamu, aliwagawa mafungu matatu. Wa kwanza hawakulisikia kabisa jina la Mtume. Hao wana udhuru. Wa pili walilisikia, wakaijua sifa yake na dalili zake, wakaishi jirani na Waislamu, kisha wakakataa. Hao hawana udhuru. Fungu la tatu ndilo la kulikazia macho: walilisikia jina, lakini walichofikishiwa ni kwamba alikuwa mwongo aliyedai utume. Ghazali akawaweka pamoja na wa kwanza, kwa sababu habari iliyopotoshwa haimwamshi mtu kutafuta. Akaongeza kwamba aliyeamka akaanza kutafuta bila uzembe, mauti yakamkuta njiani, naye anasamehewa.

Kwa hiyo kipimo si kwamba sauti imepita sikioni. Kipimo ni kile kilichokufikia, na ulichokifanya baada ya kukufikia. Usimuulize shehe "Nitaingia motoni?" Muulize hivi: "Hoja inamsimamia mtu lini, na aliyetafuta asipate ana hukumu gani?" Yaani, ni lini mtu huhesabiwa kwamba ujumbe umemfikia hata hana udhuru? Maneno hayo yanamwambia kwamba unataka elimu, naye hatakukimbilia na karipio.

Jiandae pia kwa jibu gumu, maana mtu akikuahidi kwamba dini zote zimekwisha kukusamehe anakudanganya. Ipo hadithi ya Sahihi Muslim juu ya Myahudi au Mkristo aliyesikia habari za Mtume akafa bila kumwamini. Ipo Yohana 3:18, kwamba asiyeamini amekwisha kuhukumiwa. Al-Anbari, kadhi wa Basra, na mwandishi al-Jahiz wanatajwa kuwa walimpa udhuru hata yule aliyejitahidi kufikiri akafika mahali pasipo sahihi katika misingi ya dini. Maulamaa walio wengi waliwapinga, na Ghazali mwenyewe alimkatalia al-Jahiz. Alikuwa mpana, ila si mpana kiasi hicho.

Wakatoliki wametembea safari ndefu zaidi. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Firenze, mwaka 1442, uliandika kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, ukawataja wapagani, Wayahudi na waliojitenga. Mwaka 1863 Papa Pius IX alikiri kwamba wapo walio katika ujinga usioshindika, yaani kutojua ambako mtu hakuweza kukuondoa, na kwamba Mungu haadhibu asiye na hatia ya makusudi. Tarehe 21 Novemba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium namba 16, ukaenda mbele zaidi: hata wale ambao bila kosa lao hawajafikia kumjua Mungu waziwazi, lakini wanajitahidi kuishi vema, Mungu hawanyimi msaada unaohitajika kwa wokovu. Ukienda kwa padre, nenda na namba hiyo mkononi. Ongeza Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2125, inayosema kwamba lawama ya kumkana Mungu inaweza kupungua sana kulingana na nia na mazingira ya mtu.

Waadventista wa Sabato wanakushika pengine kabisa. Kwao hakuna mateso ya milele. Asiyeokoka anateketea, anakoma. Ukilinganisha majibu ya wahubiri, hakikisha wote wanaizungumzia adhabu ileile.

Sasa niseme ninachokiamini kwa moyo wote. Maandiko ni makali zaidi kwa anayejifanya kuliko kwa anayeshindwa. Soma aya ya kwanza ya Sura al-Munafiqun polepole. Wanafiki wanamwambia Mtume, "Tunashuhudia kuwa wewe ni Mtume wa Mwenyezi Mungu." Walichokisema ni kweli tupu, na bado Mungu anashuhudia kwamba ni waongo, kwa kuwa ulimi na moyo havikuwa pamoja. An-Nisaa 4:145 inawaweka tabaka la chini kabisa la moto. Kwenye Biblia, Ayubu alimlalamikia Mungu sura baada ya sura, rafiki zake wakamtetea Mungu kwa maneno mazuri. Mwisho, 42:7, waliokasirikiwa ni rafiki, kwa kutosema yaliyo sawa kama alivyosema Ayubu.

Ndiyo maana ushauri ule maarufu, "We amini tu, ukikosea hupotezi kitu," haufai kutolewa hivihivi. Mzizi wake ni hoja ya kamari ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, ingawa yeye alijua kwamba moyo hauamrishwi. Alimshauri mtu aanze kuishi kama waumini, imani ije taratibu. Huku kwetu hilo la pili limeangushwa njiani, limebaki la kwanza. Kuamini si kuwasha taa. Jaribu sasa hivi kuamini kwamba leo ni siku nyingine ya juma. Ulimi utasema, moyo utakataa. Na Mungu ajuaye yaliyo moyoni hafichiki kwa shahada au ubatizo wa kujikinga.

Lakini neno "kweli" katika kutoamini kwa kweli lina uzito, na hapa ndipo kazi ilipo. Chukua daftari. Andika kisichoingia moyoni, sentensi moja kwa kila jambo. "Siamini dini" ni neno pana mno, lifute. Andika: siamini kwamba Mungu yupo. Siamini kwamba anasikia maombi. Siamini kwamba mtoto aliyefia tumboni yuko popote. Siamini kwamba fungu la kumi linamfikia Mungu. Zikifika kama kumi, zigawe: zipi zinamhusu Mungu, zipi zinawahusu watu wake. Aliyeibiwa na mchungaji ana haki ya hasira yake yote, ila hasira hiyo haimwambii chochote kuhusu kuwepo au kutokuwepo kwa Mungu. Kuchanganya hayo mawili ndilo kosa linaloharibu zoezi zima.

Pembeni ya kila sentensi andika ilianza lini na baada ya nini. Kisha andika faida: ukiwa sahihi, unapata nini? Kama jibu linakufungua kutoka kwenye ndoa, deni au saumu, haimaanishi kwamba umekosea. Maana yake uipime tena sentensi hiyo ukiwa umetulia. An-Naml 27:14 inawataja watu waliozikanusha dalili kwa dhuluma na kujivuna ilhali nafsi zao zina yakini nazo. Hilo ndilo linalolaaniwa pale, na hulitambui kwa mwenzako. Unalitambua kwako, kwa faida hiyo.

Halafu jiulize nini kingekubadilisha. Ukijibu "hakuna," basi uchunguzi wako umekwisha kufungwa, na mwumini anayejibu hivyo naye ni hivyohivyo. Mwisho, andika hoja bora ya upande wa pili kwa mistari kumi, umpe anayeishika. Asipotikisa kichwa na kusema "ndiyo, ndivyo," bado hujaisikia. Soma kitabu kizima badala ya vipande vya mihadhara vya dakika mbili: Injili ya Marko ina sura 16, Sura Yusuf ina aya 111, Ayubu sura 42. Jipe mwezi mmoja au miwili, na usianze ndani ya arobaini ya msiba.

Wapo pia ambao hawajaacha kuamini, ila wanasumbuliwa na wasiwasi. Dalili ni hizi: wazo la kufuru linaingia bila kuitwa, mwenyewe analichukia, anarudia shahada au sala ya toba mara ishirini, anatawadha tena na tena, dakika tano baadaye wazo limerudi. Masahaba walimlalamikia Mtume kwamba wanaona ndani ya nafsi zao mambo wasiyothubutu kuyatamka, akawajibu kwamba hiyo ndiyo imani ya wazi. Hadithi iko kwa Muslim. Kule kuchukia ndiko kunakushuhudia. Kulijibu kila wazo kunalilisha. Usingizi na kazi vikianza kuharibika, nenda kliniki ya afya ya akili, maana huo unaweza kuwa ugonjwa wenye matibabu, na tiba hiyo haikuzuii kuswali wala kuombewa.

Kwa wazazi. Kijana akisema haamini, sentensi ya kwanza mtakayomwambia ndiyo atakayoikumbuka. Msiseme "utaungua." Mwulizeni, "Mwanangu, ni lipi hasa limekushinda?" kisha mnyamaze aseme mpaka mwisho. Msimpeleke kuombewa au kusomewa kwa nguvu. Al-Baqara 2:256 inakataza kulazimishana katika dini, na Yuda 22 inaagiza kuwahurumia wenye shaka. Mtaguso wa Vatikano wenyewe, katika hati yake ya Gaudium et Spes namba 19, ulikiri kwamba waumini wanaweza kuwa na sehemu yao katika kuzaliwa kwa kutoamini, kwa mafundisho mabovu na maisha yasiyolingana na wanachohubiri. Ni vema mzazi ausome mstari huo kabla ya kumkaripia mtoto.

Na wewe kijana, usitangaze kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Katiba inakulinda, ibara ya 19 Tanzania na ibara ya 32 Kenya, lakini haizuii mambo ya nyumbani: katika sheria ya Kiislamu, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, na kuritadi, yaani kuacha Uislamu, kunagusa ndoa. Zungumza na mtu mmoja, mzima wa umri, ana kwa ana. Ukikaa na wanaofunga, usile mbele yao. Ukiombwa uongoze dua, omba radhi umpishe mwingine. Hapo hujadanganya wala hujaaibisha mtu.

Bukhari na Muslim wote wawili wanayo hadithi ya mtu aliyejidhulumu nafsi maisha yake yote. Alipokaribia kufa akawausia wanawe: nikifa nichomeni, nisageni, kisha mnipeperushe, kwani Mungu akinipata ataniadhibu adhabu ambayo hakumwadhibu nayo yeyote. Wakafanya. Mungu akamkusanya, akamuuliza kilichomsukuma. "Ni kukuogopa wewe, Mola wangu." Akasamehewa. Mwanachuoni Ibn Taymiyya aliisimamia hadithi hii kama dalili ya udhuru: mtu huyu alitia shaka uwezo wa Mungu wa kumrudisha, jambo ambalo kwa kawaida ni kufuru, ila alishindwa kulijua na alikuwa akimcha.

Na pale ambapo ndugu amekwisha kufariki bila kuamini, msiba uko uani na mtu anauliza yuko wapi sasa, usijibu kama uliyepewa daftari la hukumu. Kanisa Katoliki halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni. Katika Sala ya Nne ya Ekaristi, padre akishawaombea waliofariki katika amani ya Kristo, anawaongeza marehemu wote ambao imani yao Mungu peke yake ndiye aliyeijua. Mfiwa aliyeko kwenye benchi anaweza kulitaja jina la marehemu wake hapo, kimoyomoyo.