Tui Alipowafokea Watoto Wake

"Mama, kwani Tui hamjui mtoto wake?"

Mwanangu aliuliza hivyo akiwa amepanda juu ya kochi, machozi yanamlengalenga. Chini, katikati ya sebule yetu hapa Ngara, Tui, paka wa dada yangu, alikuwa amejikunja kama upinde, manyoya ya mgongo yamesimama, anamfokea Dalasini kwa ile sauti ya "khhh" inayomtisha hata mtu mzima. Dalasini alikuwa amesogea kumnusa tu. Akapigwa kofi la pua. Iliki, dada yake Dalasini, alikuwa ameshajificha nyuma ya friji na hakutoka hadi usiku.

Tui ndiye aliyewazaa hawa wawili. Niliingojea siku hiyo kwa hamu, na mwanangu zaidi yangu. Alikuwa amewatangazia watoto wote wa ploti kwamba mama wa paka wetu anakuja Krismasi.

Walizaliwa mwezi wa tatu nyumbani kwa dada yangu, Buruburu, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia iliyokuwa chini ya kitanda. Walikuwa wanne. Tulingoja wafikishe wiki kumi, nikawachukua wawili ndani ya kikapu chenye kifuniko, tukapanda matatu ya 58 hadi mjini huku wakilia njia nzima. Mmoja akaenda kwa rafiki wa dada. Wa nne, wa kike, akabaki na mama yake. Ikapita miezi saba. Disemba dada akawa anasafiri kwenda ushago, na Tui alikuwa na jipu mguuni baada ya kupigana na paka shume wa mtaani, dawa asubuhi na jioni. Jirani alikubali kumlisha yule binti aliyebaki, lakini kumfungua mdomo paka mgonjwa aliogopa. Nikasema aletwe kwangu, akae na wanawe.

Kosa langu lilikuwa kufungua kikapu katikati ya sebule na kukaa kando kutazama wakikumbatiana.

Sisi watu tuna msemo wetu: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Tumeuzoea mpaka tunawavisha hata wanyama. Ila kwa paka, mla nawe na mlala nawe ndiye ndugu. Paka huzaliwa macho yamefumba na masikio hayasikii, lakini pua inafanya kazi tangu saa ya kwanza. Kwa pua anamfikia mama, kwa pua anatafuta chuchu, na ndani ya siku chache za mwanzo watoto wengi huwa wameshajichagulia chuchu wanayoirudia. Macho huja kufunguka baadaye, mengi kati ya siku ya 7 na ya 14. Kwa hiyo mtoto anamjua mama kama harufu kabla hajamjua kama sura.

Na harufu yenyewe si kitu cha kuzaliwa nacho kikakaa hivyo hivyo maisha yote. Paka wana tezi mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso, nyayoni na penye shina la mkia. Wanaoishi pamoja hulambana, husuguana vichwa, hulalia blanketi moja, na kila mmoja humpaka mwenzake kidogo chake. Mwishowe wote wananuka nyumba moja. Harufu hiyo inahitaji kupakwa upya kila siku. Dalasini wangu kwa miezi saba alikuwa ananuka Ngara: sabuni yangu, omena zangu, kochi letu, mwanangu. Alipomsogelea Tui, kilichomsogelea Tui ni paka dume kijana asiyemfahamu, tena Tui mwenyewe akiwa na maumivu ya mguu.

Kilichoniondolea shaka ni jambo lililotokea miezi miwili kabla ya hapo, ambalo wakati huo sikulielewa vizuri. Nilimpeleka Iliki kufungwa kizazi. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, hawajawahi kutengana hata usiku mmoja, wanalala wamekumbatiana mpaka huwezi kujua mkia huu ni wa nani. Nilipomtoa kwenye kikapu, bado analegalega kwa dawa ya usingizi, Dalasini alimnusa tumboni, akaruka nyuma, akamngurumia. Iliki alikuwa ananuka spiriti na mikono ya watu wageni. Saa kumi tu zilitosha kumgeuza kuwa mgeni nyumbani kwake. Usiku ule nilimlaza chumbani kwangu, mlango nimefunga, na asubuhi nikampangusa taratibu kwa blanketi lao la kulalia, nikiepuka kidonda. Siku ya pili jioni Dalasini akaanza kumlamba masikio. Kwa hiyo mtu akiniuliza paka hukaa muda gani kabla ya kumsahau ndugu yake, jibu langu ni kwamba asihesabu miezi. Aulize mnyama huyo amenuka nini leo.

Hilo halina maana kwamba hawajuani kabisa. Watafiti nchini Mexico walionyesha mwaka 2016 kwamba watoto wa paka wa wiki nne hivi huutofautisha mwito wa mama yao na wa mama mwingine; huamka na kuuendea. Kazi nyingine ya huko, ya 2017, ilionyesha kwamba mama naye anaweza kuitofautisha harufu ya mtoto wake na ya mtoto wa mwenzake. Lakini kuweza ni jambo moja. Wakati wa kulea habagui. Ukimwekea mtoto wa kando atamlamba na kumnyonyesha pamoja na wake. Niliposoma hilo nilikumbuka methali yetu nyingine, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na nikaona kwamba Tui ameiishi. Aliwajua wanawe vizuri sana wakati kuwajua kulikuwa na kazi. Walipoacha ziwa na kuondoka, kazi ile ikaisha, na hilo halimfanyi kuwa mama mbaya. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mwanangu, na akaridhika kuliko nilivyotarajia.

Sasa niseme lile ambalo naona linatuumiza zaidi hapa Nairobi. Nimeambiwa mara nyingi na watu wenye nia njema: "Wachukue dume na jike tu, hao ni ndugu, hawawezi." Wanaweza. Kaka na dada watapandana, na mama na mwanawe wa kiume pia, hata kama hawajatengana siku moja. Paka jike anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi minne tu, mimba ni kama wiki tisa, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Iliki alianza kulia usiku na kujiviringisha sakafuni akiwa hajatimiza miezi sita, na wa kwanza kumwitikia alikuwa Dalasini. Nilipanga kumfunga "baadaye kidogo", na baadaye hiyo karibu initie mashakani. Wote wawili wameshashughulikiwa sasa. Kama gharama inakusumbua, piga simu sehemu mbili tatu ulinganishe kabla ya kukata tamaa. Uwaulize pia KSPCA kule Karen, wanaookoa na kutafutia wanyama makao. Usingoje umri wa mwaka. Na ukifunga, umpe na chanjo ya kichaa cha mbwa papo hapo, maana paka naye huupata na huuambukiza.

Kuhusu umri wa kuwatenganisha, mtaani kwetu mtoto wa wiki tano anatolewa kwa sababu "anaanza kula". Kula si kukomaa. Kuanzia wiki ya pili hadi ya saba hivi ndipo paka anazoea watu na wenzake, na mama na ndugu ndio wanaomfundisha kwamba kuuma kuna mpaka wake: akiuma sana, mwenzake anaacha kucheza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki wa 2017, uliohusu paka karibu 6,000, uliona kwamba walioachishwa kabla ya wiki nane walikuwa na ukali zaidi, na waandishi wake wakapendekeza kungoja hadi wiki 14. Najua katika nyumba ya chumba kimoja wiki 14 ni ndefu. Angalau usishuke chini ya nane. Na ukiweza, chukua wawili pamoja kama nilivyofanya. Watapigana mieleka wao kwa wao badala ya kukuuma wewe vifundo vya miguu.

Mama naye asisahaulike. Tulipoondoka Buruburu na wale wawili, Tui alizunguka nyumba siku tatu akiita, anachungulia chini ya kitanda, anarudi kwenye katoni. Dada yangu alinipigia akilia. Alichosaidiwa nacho ni kwamba watoto hawakutoka wote siku moja. Maziwa yalipungua polepole, matiti hayakuvimba. Ukiwatoa wote ghafla angali ananyonyesha, mkague matiti kila siku. Yakiwa magumu, ya moto au mekundu, hiyo ni safari ya kwa daktari.

Nirudi sebuleni kwangu. Baada ya lile kofi nilimrudisha Tui ndani ya kikapu nikampeleka chumbani, na beseni lake la mchanga, maji yake na sahani yake, mlango ukafungwa. Tukaanza upya kana kwamba hawajawahi kuonana. Nilichukua taulo la kijani nikampangusa nalo mashavu, nikalitandika mahali ambapo wanawe hulala. Blanketi lao nikamtandikia yeye. Siku ya kwanza Dalasini alilikwepa lile taulo kwa kulizunguka. Siku ya tatu akalilalia. Chakula nikawawekea pande mbili za mlango mmoja, omena zilizochemshwa bila chumvi, kwanza mbali, kisha nasogeza kidogo kila jioni. Ilipofika siku ya sita nikauacha mlango wazi upana wa vidole vitatu. Akifoka mtu, tunarudi hatua moja nyuma, hakuna kugombeza. Kazi hiyo ilikuwa ya mwanangu na aliifanya kwa subira ambayo sikujua kwamba anayo.

Siku ya kumi na moja walikula chumba kimoja. Hawakukumbatiana hata siku moja, na sitawadanganya kwamba nilimwona akiwalamba kama zamani. Lakini wiki ya mwisho Iliki alikuwa analala ncha moja ya kochi na Tui ncha ya pili, na nafasi baina yao ilikuwa inapungua.

Mguu ulipona, Januari ikaingia, Tui akarudi Buruburu. Jioni hiyo hiyo simu ikalia.

"Mdogo wangu, huyu binti yake wa hapa amemfukuza hadi juu ya kabati. Mama yake mzazi! Wamelala pamoja tangu azaliwe!"

Nikamuuliza kama Tui ameshatoka juu. Bado. Nikamwambia amfungie chumbani na maji na mchanga, asimlazimishe mtu yeyote, na atazame chini kabisa ya kikapu. Kuna taulo la kijani. Asilifue.